Muulize Fundi: Kabla hujalipia ile madabodi kubwa

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka kitu kimoja, madabodi ya kubeba kazi nzito, yaani ile bodi kuu ya kompyuta ambapo prosesa, ram na kadi zinachomekwa. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu naona wengi mko hapo hapo, zingine tatu nitazipitia haraka.

Fundi salamu. Tuko watatu South B, tunapiga picha za mashamba kwa droni halafu tunatengenezea wapimaji ramani. Mashine yetu ni Ryzen 9 9950X, ram GB 128, kadi mbili za RTX 3090 za mtumba. Shamba dogo inameza bila shida, lakini picha zikifika elfu nne ama tano kazi inakaa siku nzima na wakati mwingine programu inajifunga tu yenyewe. Kuna duka town wamesema shida ni madabodi, wanataka kutuuzia ASUS Pro WS WRX90E-SAGE SE kwa shilingi 210,000, halafu kando prosesa ya Threadripper PRO 7955WX ya viini 16. Hiyo bodi inafaa kweli ama tunauziwa jina? (Msomaji, South B)

Ndugu yangu, bodi yenyewe ni nzuri, hilo sitakuficha. Swali ni kama ni yenu.

Anza na hili, madabodi haipigi hesabu hata moja. Hesabu inapigwa na prosesa na zile kadi. Bodi kazi yake ni kuamua vitu vingapi vitaongea na prosesa kwa wakati mmoja na kwa upana gani, ram kiasi gani itaingia, na prosesa italishwa stima vipi kwa masaa kumi na mbili mfululizo bila kitu kuchemka. Kwa hivyo ukibadilisha bodi na hujajua ni wapi mashine inakwama, unaweza kutumia laki nne na ile ramani bado itoke kesho asubuhi.

Kwa hivyo leo usiku kabla hujarudi kwa hilo duka, washa ile kazi kubwa halafu ufungue Task Manager ukae nayo, usiende kulala. Angalia ram. Ikipanda mpaka 128 ikagonga ukuta, halafu SSD ianze kufanya kazi kama wazimu na prosesa ishuke iwe inapumzika kwa asilimia kumi, basi hapo umeshapata jibu, mashine imeishiwa ram na inaazima nafasi kwenye SSD ambayo ni polepole mara nyingi zaidi. Na programu kujifunga katikati ya kazi kubwa, mara nyingi ni hivyo hivyo, imeomba ram ikakosa. Mimi nikisoma barua yako naona ram kila mahali, sioni bodi.

Na kama ni ram, kuna dawa mbili za kujaribu kabla ya kubadilisha bodi. Ya kwanza ni bure, gawa shamba vipande, kila kipande na picha elfu moja hivi, uchakate kimoja kimoja halafu uunganishe, programu nyingi za kazi yenu zinaruhusu. Ya pili ni kuongeza ram kwa hiyo hiyo bodi mliyonayo, vijiti vinne vya GB 48 vinafika 192, na bodi nyingi za AM5, aina ya soketi ya prosesa kama yenu, siku hizi zinakubali vinne vya 64 mkishasasisha BIOS (ile programu ya ndani ya bodi), ingia ukurasa wa bodi yenu uangalie orodha ya ram zilizopimwa. Lakini jua kitu kimoja ambacho watu wa duka hawasemi. Kwa 9950X, AMD wenyewe wanaahidi DDR5-5600 ukiwa na vijiti viwili, ukiweka vinne ahadi inashuka mpaka 3600. Inaweza kwenda juu ya hapo, lakini hapo ni bahati yako, na kwa mashine ya kazi mimi singechezea bahati.

Sasa tuseme mmegawa vipande, mmeongeza ram, na bado kazi zinaongezeka na mnataka kukua. Hapo ndio tuongee bodi kubwa.

Kitu cha kwanza ni chaneli za ram, yaani njia ambazo prosesa inafikia ram. Chaneli moja ya DDR5-5200 inapitisha kama GB 41.6 kwa sekunde. AM5 yenu ina chaneli mbili. TRX50, familia ya bodi za Threadripper ya kawaida, ina nne, inafika kama GB 166. WRX90, familia ya ile SAGE ya duka, ina nane, inafika kama 332. Ukiangalia hivyo unasema lazima nane, na duka watakuonyesha hiyo namba ya nane wakitabasamu. Lakini ile prosesa waliyokuchagulia, 7955WX, viini vyake 16 vimekaa kwenye vipande viwili tu vya silikoni, na kila kipande kina njia yake ya kwenda kwa ram yenye kikomo. Vipande viwili haviwezi kunywa chaneli nane, haijalishi umejaza vijiti vya bei gani. Hapo ndio nilikasirika nikisoma barua yako. Unalipia bomba nane halafu unafungiwa mifereji miwili. Mkienda WRX90 kweli, prosesa ianzie viini 24, ile 7965WX ambayo ina vipande vinne, na bei yake mnaijua.

Kitu cha pili ni leni za PCIe, zile njia ambazo kadi na SSD zinaongea na prosesa, na hapa fikirieni Thika Road. Prosesa yenu ya sasa ina leni 24 za kutumia. Kumi na sita zinaenda kwa kadi, kwa hivyo kadi mbili zinagawana nane nane kama bodi yenu inaruhusu, zinazobaki ni za SSD mbili. Vitu vingine vingi, SSD ya tatu, USB nyingi, LAN, vinapitia chipseti, ile chipu msaidizi ya bodi, na chipseti yote inarudi kwa prosesa kwa leni nne. Barabara pana imeingia kwa daraja jembamba, magari yote yanasubiriana hapo. Threadripper ya kawaida kwenye TRX50 inakupa leni 48 za PCIe 5.0 na zingine za 4.0 juu yake. PRO kwenye WRX90 inakupa 128 zote za 5.0, ndio maana hiyo SAGE ina sloti saba ndefu.

Mna kadi mbili. RTX 3090 ni ya PCIe 4.0, ukiipa leni nane bado inapata kama GB 16 kwa sekunde kila upande, na kwa kazi ya picha za droni hiyo haitawakwamisha. Sloti saba mtaziweka nini? Na hizo 3090 ni nene, moja inafunika karibu sloti tatu, kwa hivyo hata hizo saba mkiweka kadi mbili tatu zimeisha kwa macho.

Kabla sijasahau, hii ni ya kila mtu anayesoma hapa. Urefu wa sloti haukuambii kitu. Chukua tochi ya simu, mulika ndani ya sloti ya pili ya bodi nyingi za kawaida, utaona meno ya dhahabu yanaanza vizuri halafu kabla ya kufika katikati yanakatika, plastiki inaendelea mpaka mwisho lakini ndani hakuna kitu. Hiyo ni sloti ya x16 kwa sura na x4 kwa kazi. Na zingine ukichomeka SSD kwenye sloti fulani ya M.2 kadi yako inashuka kutoka leni 16 mpaka nane na hakuna taa itakayokuambia. Dawa ni manual. Kila bodi ya maana manual yake iko bure kwa tovuti ya mtengenezaji, tafuta ule mchoro wa vyumba na mistari unaoonyesha nini kimeunganishwa na nini, uuprinti, kaa chini na kalamu nyekundu uandike kadi yako itakaa hapa, SSD hapa, LAN hapa. Ukikuta mistari miwili inaingia chumba kimoja, hapo ndio pa kuuliza. Dakika ishirini tu. Mimi sijawahi kumnunulia mteja bodi bila kufanya hivyo.

Kitu cha tatu ndio kimeniumiza mwenyewe. Hizi Threadripper zinakula mpaka wati 350. Stima inaingia kwa bodi ikiwa volti 12 na prosesa inataka kama volti moja, sasa piga hesabu, ni zaidi ya ampea 300 zinapita kwa vile vijisakiti vidogo vilivyozunguka soketi, vinaitwa VRM, ndio vile vimefunikwa na vipande vya alumini. Kuna mteja nilimjengea mashine ya viini 64, nikaweka kipoza maji kikubwa nikajivunia, prosesa ikawa nyuzi 65 tu. Kila siku ikifika saa nane mchana anapiga simu, fundi mashine imelala. Nikaenda mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili nikafungua kifuniko nikaacha kazi iende, nikaangalia sensa ya VRM badala ya prosesa, 112. Kumbe ile feni ya kawaida ya juu ya prosesa huwa inapulizia na hizo alumini pia, mimi nilipoweka maji nikaondoa upepo wote pale, bodi ikawa inajipunguzia mwendo ili isiungue. Nikafunga feni ya milimita 80 kwa waya mbili za plastiki, ikashuka mpaka 78, na simu za saa nane zikaisha. Kosa lilikuwa langu, bodi ilikuwa inajiokoa. Kwa hivyo mkipima bodi angalieni hizo alumini, ziwe nzito zenye mapezi ya kupitisha hewa, zisiwe kipande laini cha urembo, na bora zaidi kama zina feni zake ndogo. Na mkumbuke Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, feni ile ile kwa mwendo ule ule inaondoa joto pungufu kidogo. Wale wanaopima hizi bodi kwa video wengi wako chini kuliko sisi.

Sasa jibu lenyewe. Kama ningekuwa mmoja wenu watatu, mwezi huu ningegawa mashamba vipande na kuongeza ram. Nikishaona pesa inaingia ningechukua TRX50 na Threadripper ya viini 24, vijiti vinne vya RDIMM (ram za seva na wokisteshoni) vya GB 64, hapo una 256 kwa chaneli nne, na hizo RDIMM ni za ECC, biti moja ikigeuka inarekebishwa. Kwa mtu anayechora mpaka wa shamba la watu hicho ni kitu cha kujali sana, mimi ningelipia hiyo hata kama kasi ingebaki vile vile. Na TRX50 inakubali pia prosesa za PRO, ila itazipa chaneli nne tu. Kinyume chake hakiwezekani, WRX90 inataka PRO peke yake, kwa hivyo msije mkanunua bodi huku na prosesa kule. Mkifika mahali mnaweka kadi nne ama mnataka ram ya terabaiti moja kwenda juu, WRX90 itawangoja. Na kabla ya hiyo pimeni kesi yenu, SAGE ni inchi 12 kwa 13, kwa kesi ya kawaida ya ATX haiingii.

Halafu stima. Prosesa 350, kadi mbili 700, ongeza mia moja na kitu ya vingine, mko juu ya wati 1,150. Soketi yetu ya ukuta ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba kama 3,000, kwa hivyo ukuta hauna shida, shida ni ile ekstensheni nyembamba ya mia tatu na UPS. UPS imeandikwa 1500 VA watu wanafikiri ni wati 1,500, nyingi zinatoa kama 900 tu, siku stima ikipotea mkiwa mnarenda inalia mara moja na kuzima na kila kitu. Soma pale imeandikwa W. Na hizo 3090 zipunguzieni ulaji na programu ya nvidia-smi mpaka wati 280 kila moja, mtapoteza kasi kidogo sana na tokeni zitadumu.

Fundi, tumeunga mashine mpya ya ofisi Kilimani, ni Threadripper PRO na vijiti nane vya ram. Tukiwasha feni zinazunguka, skrini giza. Tumezima na kuwasha mara tano. Duka wanasema prosesa imeungua. (Msomaji, Kilimani)

Usikubali hiyo ya kuungua kabla hujafanya hivi. Washa halafu uiache. Usiguse. Teleka chai, ukae. DDR5 nyingi hivyo ikiwa mara ya kwanza bodi inajifunza kila kijiti, inapima mwendo wake moja moja, na inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa giza tupu. Ukizima katikati unairudisha mwanzo, kwa hivyo hizo mara tano mlizozima mmekuwa mkiirudisha darasa la kwanza kila mara. Angalia kile kidirisha kidogo cha namba pembeni ya bodi, namba zikiwa zinabadilika badilika iko hai. Zikikwama kwa namba moja zaidi ya dakika ishirini, ndio uzime, utoe vijiti vyote ubakishe kimoja kwenye sloti ambayo manual inasema ya kwanza, ujaribu tena. Itafanya hivi pia ukibadilisha ram ama ukisasisha BIOS, kwa hivyo waambie wenzako ofisini wasije wakachomoa waya.

Ikikataa hata na kijiti kimoja, toa prosesa kwa uangalifu, na bisibisi ile ile iliyokuja nayo, umulike soketi na tochi kwa pembeni, usimulike kutoka juu. Hiyo soketi ina pini 4,844. Pini zikiwa sawa mwanga unateleza juu yao kama shamba la ngano lililolala upande mmoja, iliyopinda inatoa alama yake peke yake. Hapo hapo piga picha kabla hujapeleka dukani.

Nimenunua HP Z440 ya mtumba kutoka Uingereza, ina Xeon E5-2680 v4. Naweza kuibadilisha madabodi niweke ya kisasa nibakishe kesi na pawa saplai? (Msomaji, Rongai)

Dada, wacha ikae ilivyo. Plagi za pawa saplai ya hiyo mashine ni za HP mwenyewe, hazilingani na za bodi ya kawaida, na waya za kitufe cha mbele pia, utaishia kununua kila kitu ubakie na bati tu. Na usiidharau. Hiyo Xeon ina viini 14, leni 40 za PCIe 3.0 na chaneli nne za DDR4, na inakubali ram za seva za DDR4 za mtumba. Kwa kujifunza kurenda ama kuendesha mashine pepe inatosha kabisa. Shida yake ni Windows 11, hiyo prosesa haiko kwenye orodha ya Microsoft, na Windows 10 waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Linux, ongeza ram, fanya kazi.

Nimenunua vijiti viwili vya DDR5 Luthuli, vipya kwa boksi, vimeandikwa RDIMM. Bodi yangu ni B650. Haviingii, fundi mmoja ameniambia nisukume kwa nguvu. (Msomaji, Eastleigh)

Usisukume! RDIMM ya DDR5 ni ya seva na wokisteshoni, inakula volti 12, yako inataka UDIMM ya volti tano, na walihamisha ule mkato wa katikati makusudi ndio isiingie. Enzi ya DDR4 zilikuwa zinaingia zote halafu mashine haiwaki, mtu anatafuta shida wiki nzima. Hivyo vijiti havina ubaya wowote, vitoe hapo, virudishe kwa boksi na plastiki yake, kesho mapema shuka Luthuli na risiti kabla duka halijajaa watu uwaombe wakubadilishie.